Mgeni Rasmi wa Jumba la Sultani

Evance hakuwa amemaliza supu yake alipoiona riziki imekaa meza ya pili, imevaa miwani, inagombania simu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Maili Moja, Kibaha, kwenye banda la supu ambalo watu wa ofisini hupitia kabla ya kwenda kuchelewa kazini. Riziki yenyewe ilikuwa watu watatu. Wa kwanza ni Mama Marselina, mstaafu wa masjala na mwenyekiti wa Kikundi cha Upendo, mwanamke ambaye hata kijiko alikishika kama anakipokea kwa kusaini. Wa pili ni Silvanus, karani wa masjala hiyo, mtu wa kuomba apunguziwe bei hata kwa kitu cha bure. Wa tatu ni Elinipa, binti wa ofisi hiyohiyo, mwenye simu iliyokuwa ikigombaniwa.

"Mtazameni huyu dada," alisema Elinipa. "Tunakaa naye chumba kimoja ofisini. Jumamosi alikuwa wapi? Jumba la kifalme. Jumapili? Ufukweni. Mimi Jumamosi nilikuwa wapi? Nafua."

"Na Jumapili?" aliuliza Silvanus.

"Naanua."

Mama Marselina aliguna. "Kikundi chetu kina miaka mitatu. Tumezika pamoja, tumeozesha watoto pamoja, ila kutembea pamoja hata siku moja hatujatembea."

"Bei, mama, bei," alisema Silvanus. "Niliwauliza wale wa safari. Kwa hela wanayotaka mimi napata mbuzi wawili. Na mbuzi nikimtazama vizuri, yeye mwenyewe ni mandhari."

Evance alifuta mdomo. Kijana huyu alikuwa na ulimi ambao kama angepewa padri au shehe, misikiti na makanisa yangejaa mpaka uani. Mwenyezi Mungu kwa hekima yake alimpa Evance, naye akautumia kuuza viwanja vyenye wenyewe, pamoja na dawa ya panya ambayo panya waliinenepea. Lakini mwaka huo alikuwa amechoka kutembea akiangalia nyuma. Kule Mlandizi, mtu mmoja aitwaye Abdulkadiri alikuwa anauza bajaji yake ya bluu, iliyotumika ila ina turubai jipya. Alikuwa amemwambia: "Jumamosi, saa kumi na moja jioni, taslimu. Ukichelewa, yupo mwingine."

Evance aliitaka bajaji ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alishajiona amekaa mbele, mkono mmoja kwenye usukani, abiria nyuma, anakula jasho lake. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani kitu cha halali. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo ni njia ya kukipata.

Akasimama, akasogea meza ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mnisamehe wakubwa. Sikukusudia kusikiliza, ila masikio hayana mlango. Naitwa Evance. Mimi ni Mratibu wa Urithi na Mwambao."

"Wa wapi?" aliuliza Mama Marselina.

"Kanda."

Hapo inafaa msomaji apumzike kidogo atafakari. Mtu akikuambia yeye ni wa kijiji, utamuuliza kijiji gani. Akisema wa wilaya, utamuuliza anamjua fulani. Lakini akisema kanda, watu huinamisha vichwa, kwa sababu hakuna anayejua kanda inaanzia wapi, na kila mmoja anaogopa kuonekana ndiye pekee asiyejua.

"Tunayo ziara ya siku moja," aliendelea Evance. "Majumba ya kifalme na mandhari ya mwambao. Usafiri, chakula, maelezo ya kitaalamu, na cheti. Kawaida ni elfu sitini."

"Elfu thelathini," alisema Silvanus kabla neno sitini halijatua.

"Kaka, hapo utakuwa umeninyonga."

"Thelathini na tano, na kila mtu nusu kuku."

"Arobaini, kwa sababu ya mama huyu. Namwona ni mtu wa sala."

"Arobaini, nusu kuku, na fulana!"

Evance alishika kichwa. Alitazama juu kama anayeomba msaada, akatazama chini kama aliyenyimwa, kisha akakubali kwa sauti ya mfiwa. Walipokuwa wanaondoka, Silvanus alimnong'oneza Elinipa: "Tumemmaliza kijana wa watu. Hiyo bei hata mafuta hairudishi." Waliona haya kidogo, lakini furaha ilizidi. Ndugu msomaji, ogopa sana siku unapomwonea huruma anayekuuzia.

Kufikia Alhamisi watu arobaini na wawili walikuwa wameshalipa, na fedha zote zilikuwa ndani ya mkoba wa ngozi ambao Evance aliuvaa kifuani, akalala nao, na inasemekana alioga nao.

Bagamoyo hakuthubutu kuwapeleka. Kule kuna viingilio, na waongozaji wenye vitambulisho, watu ambao ukiwaambia kanda wanakuuliza namba ya simu ya ofisi. Alihitaji jumba lisilo na mwangalizi. Akakumbuka kitongoji kimoja cha Kisarawe, Mkongoroni, mbele ya Masaki ya hukohuko, alikowahi kwenda kutafuta mkaa. Kwenye kilima cha pale palikuwa na nyumba kubwa ya mawe, haina paa, ina mlango mrefu wa mbao nene. Mpango ukajipanga wenyewe. Atawafikisha pale, atawapa historia, wakianza kupiga picha atadandia bodaboda mpaka Mlandizi, na kabla ya saa kumi na moja yeye ni mwenye bajaji. Watu wenyewe watarudishwa na dereva, kwani yeye si mnyama.

Ijumaa alikwenda kuandaa. Alimkuta mwenyekiti wa kitongoji, Bi Mwanahalima, amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu. Umetoka wapi na jua hili?"

"Kanda. Kesho nina wageni wazito kutoka Kibaha. Wanataka kuiona ile nyumba ya kilimani. Pafagiliwe tu kidogo."

"Ile nyumba?" Bi Mwanahalima aliacha kumenya. "Haya. Na wewe ndiye mkubwa wao?"

Evance angejibu hapana, leo angekuwa anaendesha bajaji yake Mlandizi. Lakini tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza swali tamu kama lile. Akaweka sawa kola ya shati.

"Mimi ndiye mkubwa wao."

"Basi tutakupokea kwa itifaki."

"Hapana, bibi, msisumbuke."

"Usumbufu gani? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone." Akarudi kwenye muhogo wake. "Ngoma zipo. Shabani, katibu wetu, ana spika. Chakula tutapika. Wewe njoo tu na watu wako."

Evance aliondoka akicheka ndani ya kofia ya pikipiki. Ngoma bure, chakula bure! Nusu kuku za Silvanus zilikuwa zimempa wasiwasi kidogo, na sasa zilikuwa zimepata mpishi. Alimshukuru Mungu, jambo ambalo alikuwa na mazoea ya kulifanya mapema mno.

Jumamosi saa mbili asubuhi gari liliwasha injini Maili Moja. Mama Marselina alisimama katikati, akaomba kila mtu afumbe macho. Aliiombea safari, akawaombea dereva, matairi, madaraja na ng'ombe wanaokatiza barabara. Kisha akasema: "Na huyu kijana anayetuongoza, Bwana, umpe sawasawa na haja ya moyo wake, ila kwa njia zako." Wote wakasema amina. Evance aliyekuwa amekumbatia mkoba, jicho moja wazi, alisema amina kwa sauti kuliko wote, kwa sababu haja ya moyo wake alikuwa anaijua. Nusu ya pili ya sala hakuisikiliza.

Walipofika Mlandizi gari lilikata kushoto.

"Samahani," alisema Elinipa. "Majumba ya kifalme si Bagamoyo? Bagamoyo si kulia?"

"Bagamoyo wanakwenda wote, dada yangu," alisema Evance. "Yule mwenzako wa ofisini alikwenda kulia. Unataka Jumatatu upeleke picha kama za kwake?"

Elinipa alifikiri. "Hapana."

"Basi kaa kushoto."

Kushoto kulikuwa na vumbi la kutosha kwa kila mmoja. Walipita mashamba ya muhogo, mikorosho, magunia ya mkaa yaliyosimama pembeni kama abiria, kisha muhogo tena. Kila walipoanza kunung'unika, Evance aliwahadithia habari za msafara wa sultani uliopita njia hiyohiyo. Silvanus akasema, kwa hali ya barabara hii, huenda msafara wenyewe bado haujafika.

Saa tano walikuwa kilimani. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, mlangoni pamefungwa makuti na kanga mbili za rangi kali. Evance akapanda kizingiti.

"Hapa," alisema, "aliishi sultani ambaye vitabu vimemsahau kwa makusudi."

"Kwa nini?" aliuliza Mama Marselina.

"Wivu, mama."

"Mbona madirisha madogo hivi, tena juu kabisa?" aliuliza Elinipa akipiga picha.

"Alikuwa na maadui wengi, lakini wafupi."

"Na hii ndoano kubwa ya chuma kwenye boriti?"

"Taa. Hapo ilining'inia taa ya dhahabu, uzito wake kama mtu mzima."

Shabani, katibu wa kitongoji, kijana mrefu aliyekuwa amesimama kando na kipaza sauti, alikohoa kwa muda mrefu. Bi Mwanahalima akampigapiga mgongoni huku akimtazama Evance kwa upendo.

Baada ya jumba, Evance aliwapeleka nyuma, ukingoni mwa kilima, akanyoosha mkono kuelekea mashariki. "Na ule pale ndio mwambao."

Watu arobaini na wawili walikaza macho.

"Sioni bahari," alisema Silvanus.

"Ule mstari pale mwisho."

"Ule ni moshi wa mkaa."

"Chini ya moshi."

"Bwana Evance, tulilipia mwambao!"

"Mlilipia mandhari ya mwambao, kaka. Mandhari ni ya macho, haioshi miguu. Hao wanaokwenda karibu wanaiona bahari kipande tu. Hapa unaiona yote."

Silvanus alitaka kubisha, lakini Elinipa alikuwa ameshapiga picha, na kwenye picha mstari ule ulitoka na rangi ya samawati. Wakaanza kupanga foleni ya kupigwa picha. Ngoma zikaanza. Evance alitazama saa: saa saba na nusu. Nyuma ya ukuta Amiri, dereva wa bodaboda aliyempanga tangu jana, alikuwa ameshageuza pikipiki. Evance akapita kando ya ngoma akipiga makofi, akapita kona, akainua mguu. Mguu ulikuwa bado hewani spika ilipounguruma.

"Tunamwomba mgeni rasmi afike meza kuu! Mgeni rasmi, Mratibu wa Kanda, Mheshimiwa Evance!"

Kina mama wanne walimzingira kwa vigelegele. Mmoja alimtandikia kanga chini, mwingine alimshika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, na wa nne, ambaye mikono ilikuwa imekwisha, akamshika mkanda. Walimfikisha mezani hivyohivyo. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, maua ya plastiki, chupa ya maji, na beseni jekundu ambalo Evance alidhani ni la kunawia.

Akawatazama wasafiri wake kuomba msaada. Pole yake. Alikuwa amewaleta watu wa ofisini, na watu wa ofisini wakisikia neno meza kuu hubadilika damu. Silvanus alikuwa ameshafunga kifungo cha juu cha shati. Mama Marselina alikuwa anawapanga watu kwa vyeo, wenye suruali fupi nyuma.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Shabani, akafungua karatasi ya risala. "Ndugu mgeni rasmi. Kwa heshima na taadhima, sisi wananchi wa Mkongoroni tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu yako mengi. Kitongoji chetu kimepata mafanikio, ikiwa ni pamoja na amani. Hata hivyo, ndugu mgeni rasmi, hatukosi changamoto. Pampu ya kisima chetu imekufa. Akina mama wanafuata maji mbali. Tunaomba mkono wako. Naomba kuwasilisha."

Makofi. Evance akasimama. Hotuba hakuwahi kuiogopa.

"Ndugu wananchi, changamoto yenu nimeipokea. Nitaifikisha ngazi za juu."

Bi Mwanahalima alichukua kipaza sauti taratibu.

"Tunashukuru, baba. Ila ngazi za juu zimejaa. Kila mgeni anapandisha, hatujaona kinachoshuka. Hapa kwetu tunapenda cha leoleo."

"Mgeni rasmi aanze!" alipiga kelele Silvanus, ambaye mbele ya fedha ya mtu mwingine alikuwa mkarimu sana.

Evance alifungua zipu ya mkoba kidogo, akatoa noti moja ya elfu kumi kwa vidole viwili, akaiweka kwenye beseni. Mama Marselina alimwinamia sikioni.

"Mwanangu, mtu wa kanda, elfu kumi? Mbele za watu? Sisi ndio tumekuja na wewe!" Kisha akavua miwani, akaifuta, akaongeza kwa upole: "Hivi ofisi yenu ya kanda iko mtaa gani?"

Evance aliukumbatia mkoba. Mbele yake kulikuwa na watu arobaini na wawili waliomlipa, na kijiji kizima kilichotoka shambani na mapanga yake, kwa kazi ya shamba tu, lakini yapo. Fedha ilikuwa mkobani, na heshima ndiyo ilikuwa kufuli ya mkoba. Kufuli ikivunjika leo, hakuna bajaji, na pengine hakuna meno. Akatoa noti nyingine nne. Makofi yakarudi, na swali la mtaa likazama.

"Sasa," alisema Bi Mwanahalima, "kabla ya chakula, mnada mdogo wa kuchangamsha."

Akaletwa jogoo. Alikuwa jogoo mkubwa mwekundu, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kuona mengi.

"Utaratibu wetu wazee wanaujua. Mtu akitaja bei anaiweka kwenye beseni, na hairudi. Anayetaka anaweza kumtaja mwenzake ampandishe. Mtu wa kawaida akitajwa, anaongeza anachojaliwa. Mgeni rasmi akitajwa, ni mara mbili ya bei iliyopo."

Evance alipiga hesabu. Jogoo ni elfu kumi. Mara mbili yake ni elfu ishirini. Akaona hapa ndipo pa kununua heshima yote kwa bei ya rejareja, kisha aombe udhuru wa kwenda haja.

"Mara mbili?" alisema akicheka kwenye kipaza sauti. "Kwangu mimi hiyo ni hela ya chai!"

Vigelegele vikapaa. Bi Mwanahalima hakucheka. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayesikia adhana.

"Elfu kumi!" alianza mzee mmoja wa kijiji. "Namtaja mgeni rasmi!"

Evance akaweka ishirini.

Elinipa, aliyekuwa anarekodi kwa simu, akainua mkono. "Naongeza elfu moja. Namtaja mgeni rasmi!"

Evance akaweka arobaini na mbili.

Watu wa Kikundi cha Upendo walikuwa wamezaliwa kwenye minada. Walikuwa wameshanunua maboga ya mavuno kanisani kwa bei ya ng'ombe, na hawakuwahi kupata mnada wenye mtu wa kutaja mwenye mkoba namna ile. Furaha iliwapanda kama homa. Kila mmoja alitoa buku lake la elfu moja, na kila buku lilibeba jina la mgeni rasmi. Kuzidisha kwa mbili ni hesabu ya darasa la pili, lakini ukitaka kujua ukali wake, izidishwe mfukoni mwako. Mara ya tatu Evance alitabasamu. Mara ya nne alikunywa maji. Mara ya tano alisema hajisikii vizuri, Mama Marselina akampepea kwa risala na kumtia moyo: "Kaza, mwanangu, Mungu anaona!" Na hilo ndilo lilikuwa linamtisha. Mara ya sita mikono yake ilikuwa inahesabu noti huku macho yake yanatazama upande wa Mlandizi.

"Nusu kuku yangu naisamehe!" alipiga kelele Silvanus, machozi yanamtoka kwa uzalendo. "Buku moja! Namtaja mgeni rasmi!"

Hiyo ndiyo ilikuwa ya saba. Evance aliufungua mkoba, akautazama ndani, kisha akaupindua juu ya beseni. Zilianguka noti zote, na kipande cha karatasi chenye namba ya Abdulkadiri, ambacho Shabani kwa uaminifu alikirudisha.

"Jogoo ni wa mgeni rasmi!"

Walicheza ngoma mpaka vumbi likafunika mwambao wote, pamoja na moshi wake. Kisha wakala muhogo wa nazi, kisamvu na maharage, na watu waliolipia nusu kuku na fulana walilamba vidole wakasema hawajawahi kula hivi.

Evance hakula. Alikwenda nyuma ya jumba na jogoo wake kwapani, akitafuta mahali pa kulia kwa faragha. Akaona kisima. Akashika mpini wa pampu, akausukuma mara moja kwa hasira, na maji yakamrukia usoni, mengi, baridi, safi.

Akasimama hapo akichuruzika. Kisha akaitoa mfukoni risala, ambayo Mama Marselina alikuwa amemkabidhi kwa kumbukumbu. Pale juu, chini ya jina lake, karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa ufutio mpaka imekuwa nyembamba. Aliiinua kwenye jua. Aliona majina manne ya watu wengine.

"Umeyapenda maji yetu?" Bi Mwanahalima alikuwa nyuma yake, na sahani ya muhogo mkononi.

"Bibi! Pampu nzima hii!"

"Ilipona mgeni wa tatu. Mtu mzuri sana, alikuwa anapima ardhi. Sasa tunatafuta usafiri wa kuwapeleka wajawazito zahanati, maana pikipiki inawatesa. Ila risala ya usafiri ilikuwa haijaandikwa, na wewe ulikuja ghafla. Shabani akasema tusome hii tu, mahitaji ni mahitaji."

"Na ile nyumba?"

"Ghala la korosho la babu yake marehemu mume wangu. Ile ndoano ni ya mizani. Leo nimejua kumbe nimeolewa ukoo wa kisultani. Nimefurahi mno." Akampa sahani. "Kula, baba. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Alisema kwa sauti ya mama, na Evance alikuwa mtu ambaye ulimi wake haukuwahi kujifunza kukaa. Akakaa chini, akamweleza yote. Bajaji ya bluu, turubai jipya, saa kumi na moja, Abdulkadiri wa Mlandizi.

"Maskini," alisema Bi Mwanahalima. "Na hiyo bajaji ni nzima kweli? Isije ikawa alikuwa anakutapeli."

"Nzima kabisa, bibi! Nimeiendesha mwenyewe. Injini haina hata mwaka."

"Milima inapanda?"

"Inapanda kama mbuzi."

"Pole, mwanangu. Huyo mtu ana namba ya simu?"

Evance, akitafuna muhogo kwa huzuni, akampa ile karatasi.

Safari ya kurudi ilikuwa ya nyimbo. Dereva alipotaka nusu ya nauli ya gari iliyobaki, Evance alimwonyesha mkoba mtupu. Mama Marselina akasimama: "Mtu huyu ametoa kila kitu mpaka nauli. Hatutamwacha aaibike!" Wakachangishana palepale, huku Silvanus, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akilipia kitu bila kuuliza bei ya mwisho. Evance alikaa kiti cha mbele, jogoo mapajani, akipongezwa kila walipopita tuta.

Walipokaribia Mlandizi simu yake iliita.

"Kaka Evance," ilikuwa sauti ya Abdulkadiri, "mbona hukuniambia kama una watu wazito namna hii? Bajaji imeshalipiwa."

"Imelipiwa na nani?"

"Mama mmoja wa Kisarawe. Ametuma kwa wakala, yote, hata punguzo hakuomba. Amesema wewe ndiye uliyemhakikishia injini. Anataka uipeleke mwenyewe Jumamosi ijayo, kutakuwa na makabidhiano, na mgeni rasmi ni wewe."

Evance alifumba macho. "Abdul, mwambie siwezi. Mwambie sina hata hela ya mafuta."

"Nilimwambia huenda ukasema hivyo. Akasema usijali, risala ya mafuta imeshaandikwa." Abdulkadiri akaongeza: "Halafu kuna jambo jingine sikulielewa vizuri. Amesema yule jogoo usimchinje, Jumamosi ana kazi."